Filamu hizi mbili hazina mwisho mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala iliyochapishwa katika kurasa zenu za burudani, ambamo mhakiki wenu aliweka kwenye mizani filamu ya kutisha ya Kijapani, Ringu, iliyoongozwa na Hideo Nakata na kutoka mwaka 1998, pamoja na The Ring, toleo la Kimarekani lililoongozwa na Gore Verbinski mwaka 2002. Mhakiki alisema kwamba toleo la Kimarekani ni hadithi ileile iliyosimuliwa kwa uwezo mkubwa zaidi, kwamba filamu ya Kijapani inakwenda polepole mno, na kwamba mwisho wa zote mbili ni mmoja. Mawili ya kwanza ni maoni, na kila mtu ana haki ya maoni yake. Hilo la tatu si maoni bali ni kosa, na kosa hilo likishaonekana, yale maoni mawili nayo yanabaki bila pa kuegemea. Msomaji ambaye hajazitazama filamu hizi na angependa kuzitazama bila kujua yatakayotokea aiache barua hii hapa, kwa kuwa siwezi kuitetea hoja yangu bila kufichua miisho yote miwili.

Nianze na yale ambayo mhakiki aliyapata sawasawa. Katika filamu zote mbili kuna kanda ya video ambayo kila anayeitazama hupigiwa simu, na baada ya siku saba hufa kifo kisichoelezeka. Mwandishi wa habari wa kike, aliyefiwa na mpwa wake kwa njia hiyo, anaipata kanda na kuitazama. Baadaye mwanawe mdogo naye anaitazama. Yeye na mtalaka wake, yaani baba wa mtoto, wanazitumia siku zilizobaki kutafuta chanzo cha laana hiyo, na hatimaye wanafika kwenye kisima ambamo msichana mmoja alitupwa na kuachwa afe. Wanayaibua mabaki yake wakidhani kwamba msichana aliyedhulumiwa akishatolewa gizani atapumzika, na kumbe mzimu huo haukuwa ukitafuta mazishi hata kidogo. Hadi hapo hadithi ni moja.

Hata hivyo, nina shaka na jinsi mhakiki alivyolitumia neno "asili", kana kwamba filamu ya Nakata ilizuka yenyewe bila wazazi. Ringu imetokana na riwaya ya Koji Suzuki iliyochapishwa mwaka 1991, na katika riwaya hiyo mhusika mkuu ni mwanamume mwenye mke na mtoto, si mama anayemlea mtoto peke yake. Kabla ya Nakata, riwaya hiyo ilikwisha kutengenezwa kuwa filamu ya televisheni nchini Japani mwaka 1995, na mwaka 1999, miaka mitatu kabla ya Verbinski, Wakorea walitengeneza toleo lao. Tena lile tukio ambalo dunia nzima inalikumbuka, la Sadako, yule msichana wa kisimani, mwenye nywele ndefu zilizofunika uso akitambaa na kutoka ndani ya televisheni, halimo katika riwaya. Ni ubunifu wa waliotengeneza filamu ya 1998. Sisemi haya ili kuishusha filamu ya Nakata, ambayo naiona bora kuliko zote zilizotajwa. Ninachosema ni kwamba yeye naye alipokea hadithi ya mwingine na kuibadilisha, tena kwa ujasiri, na kwa hiyo hatuwezi kumlaumu Verbinski kwa kubadilisha tu, wala kumsifu kwa hilo peke yake. Tunachopaswa kuuliza ni kila badiliko lilipatikana kwa kupoteza nini, na hapo ndipo kulinganisha kunapoachana na kufananisha. Mhakiki wenu alifananisha.

Tutazame, kwa mfano, jinsi wahusika wanavyopata kujua wanayoyajua. Katika Ringu, mtalaka Ryuji, aliyeigizwa na Hiroyuki Sanada, ni mhadhiri mwenye kipawa cha kuona yaliyofichika: akigusa kitu au mtu, yaliyopita yanamjia. Ujuzi huo unaingia katika filamu bila ushahidi wala maelezo, na mtazamaji hana la kufanya ila kuupokea. Verbinski alimnyang'anya baba kipawa hicho. Noah wa Kimarekani ni mtaalamu wa picha za video asiyeamini chochote, na kilichobaki cha uwezo ule kimehamishiwa kwa mtoto, ambaye huchora picha za mambo ambayo hakuyashuhudia. Matokeo yake ni kwamba Rachel, yule mwandishi wa habari, aliyeigizwa na Naomi Watts, analazimika kufanya kazi ya mpelelezi: anapekua kumbukumbu za magazeti, anasimamisha kanda na kuchunguza pembe za picha, anatafuta mnara wa taa, anatembelea hospitali ya magonjwa ya akili, anatazama mahojiano ya daktari na mtoto Samara, msichana wa kisimani wa toleo hili. Kila fumbo la kanda linapata jibu lake. Hata idadi ya siku inaelezwa: tunaambiwa kwamba Samara aliishi siku saba kisimani kabla ya kufa. Ringu haijishughulishi kuhesabu hivyo. Inatuonyesha kucha zilizokwama katika kuta za kisima na kutuachia wenyewe tuwaze muda.

Mhakiki anauita uwazi huu kuwa ni ubora. Ningemkumbusha jambo moja ambalo huenda limempita, nalo ni kwamba Wajapani walikwisha kulijaribu hilo. Siku ileile Ringu ilipotolewa ilitoka pamoja na mwendelezo wake, Rasen, filamu iliyotokana na riwaya ya pili ya Suzuki na iliyoieleza laana kama kirusi, kwa lugha ya maabara na vinasaba. Watazamaji hawakuipenda, na mwaka uliofuata ukatengenezwa mwendelezo mwingine, Ringu 2, ulioendelea na hadithi kana kwamba Rasen haikuwahi kuwapo. Filamu moja ilieleza na nyingine ilinyamaza. Iliyonyamaza ndiyo iliyozaa.

Ni haki pia kusema kwamba Verbinski alikuwa na tatizo ambalo Nakata hakuwa nalo. Mtazamaji wa Kijapani akimwona mwanamke mwenye vazi jeupe na nywele nyeusi zisizofungwa, hahitaji kuambiwa kwamba huyo ni mzimu wa mtu aliyekufa na kinyongo. Sura hiyo imo katika michoro na michezo ya jukwaani ya nchi yake tangu zamani, pamoja na simulizi mashuhuri ya Okiku, mtumishi aliyeuawa na kutupwa kisimani, ambaye sauti yake ilisikika usiku ikihesabu sahani. Vilevile tukio la mama yake Sadako kujaribiwa hadharani mbele ya waandishi wa habari wanaomzomea kwamba ni tapeli linawakumbusha watu majaribio halisi ya profesa Tomokichi Fukurai, ambaye mwaka 1910 alimpeleka Chizuko Mifune, mwanamke aliyesemekana kuwa na uwezo wa kuona vilivyofichwa, mbele ya wataalamu. Mwanamke huyo alijiua kwa sumu mwaka 1911. Hakuna kati ya hayo kinachoweza kusafirishwa hadi Seattle, mji wa Marekani ambako The Ring inatokea, kikabaki na uzito wake. Verbinski alilijua hilo, na kwa busara hakujaribu. Mahali pa volkano ya kisiwa cha Oshima na umati wa waandishi aliweka familia ya wafugaji wa farasi iliyotamani mtoto mno, ikampata, kisha ikashindwa kumpenda.

Na kutokana na farasi hao alipata tukio ambalo, nakiri bila kusita, linaizidi sehemu yoyote inayolingana nalo katika Ringu. Namaanisha lile la kwenye kivuko, Rachel anapomkaribia farasi aliyefungiwa katika kitoroli chake, na mnyama huyo, aliyehisi kitu ndani ya mwanamke huyu ambacho sisi hatukioni, anavunja mlango, anakimbia katikati ya magari na kujitupa baharini. Hakuna mzimu hapo, wala giza. Ni mchana, kuna abiria na upepo wa bahari. Tunachokiona ni kwamba laana tayari imo mwilini mwa Rachel na kwamba mnyama ameitambua kabla yake. Anayesema kwamba toleo jipya halina lolote lake mwenyewe alitazame tukio hilo tena.

Lakini turudi kisimani. Katika Ringu, saa ya kufa ya Reiko, yule mwandishi wa habari, inakaribia, na yeye na Ryuji wanashuka chini ya sakafu ya nyumba na kuanza kuyachota maji ya kisima kwa ndoo na kamba, ndoo baada ya ndoo, mmoja chini na mwingine juu, mpaka mikono ya Reiko inagoma kuvuta. Nakata haiharakishi kazi hiyo. Anatufanya tuichoke, kwa kuwa uchovu huo ndio malipo ambayo wahusika wanadhani wanayalipa. Na Reiko anapoligusa fuvu hatimaye na kulikumbatia kama mama, sisi nasi tunaamini kwamba deni limekwisha. Katika The Ring, gololi zinabiringika zenyewe kuelekea katikati ya sakafu, misumari inachomoka, na televisheni inateleza na kumsukuma Rachel hadi anatumbukia ndani. Ni tukio la kusisimua, na limepigwa vizuri. Tofauti ni kwamba Rachel hakushuka, alitupwa. Kinachomfikisha kwa Samara ni nguvu ya mzimu wala si jasho lake, kwa hiyo amani inayofuata haina gharama iliyoitangulia, na inapovunjwa hatusikii kwamba tumedhulumiwa.

Hili linanifikisha kwenye kifo cha baba. Filamu zote mbili zinakiweka baada ya kisima, tunapodhani mambo yamekwisha, lakini zinakiweka kwa namna ambazo ni kinyume kabisa. Ryuji yuko nyumbani kwake, mchana, ameketi mezani akiandika. Hakuna aliyetuonya. Televisheni iliyo nyuma yake inajiwasha, kisima kinaonekana, na yule msichana anaanza kutoka. Tunalijua lile tu analolijua Ryuji, katika sekunde ileile anapolijua. Mwendo wa Sadako una kitu kisicho cha kawaida ambacho macho yanakishika kabla akili haijakifahamu, kwa sababu mwigizaji Rie Inō alipigwa picha akitembea kinyumenyume, kisha picha hiyo ikachezwa kuanzia mwisho. Uso hatuuoni. Tunaona jicho moja tu, kwa karibu sana, na basi.

Katika toleo la Kimarekani, kabla Samara hajatoka, mtoto Aidan anamwambia mama yake kwamba hakupaswa kumsaidia msichana yule. Rachel anashtuka, anampigia simu Noah, anakimbilia garini, na kuanzia hapo kamera inaruka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine: mama barabarani, baba mbele ya skrini zake. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock aliwahi kuifafanua tofauti hii kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza. Bomu likilipuka bila watazamaji kulijua, wanapata mshtuko wa sekunde 15. Wakijua mapema kwamba lipo, wanapata dakika 15 za kungoja roho juu. Verbinski alichagua kungoja. Ni chaguo halali, na wapo watakaolipenda zaidi. Hata hivyo mtu anayengojeshwa amekwisha kuandaliwa, na mtu aliyeandaliwa anaweza kufumba macho kwa wakati. Nilipozitazama tena filamu hizi kwa mfululizo juma lililopita, niligundua kwamba kwa Samara nilikuwa nikikisia atafika wapi, ilhali kwa Sadako, ingawa nilikuwa nikilijua kila tukio, niliketi kimya nikitamani Ryuji asigeuke.

Kuhusu lawama ya polepole sitasema mengi. Ringu ni fupi kuliko The Ring kwa takriban dakika 20. Ikiwa mhakiki aliiona ndefu, basi ilimfanyia jambo fulani ambalo saa ya mkononi haiwezi kulipima, na huenda ndilo hasa waliloitengenezea. Kuhusu fedha pia nitapita haraka: toleo la Kimarekani liligharimu takriban dola milioni 48 na kuingiza zaidi ya milioni 240 duniani, jambo lililofungua mlango kwa filamu nyingine za Kijapani kutengenezwa upya Marekani katika miaka iliyofuata. Mafanikio hayo ni ya kweli, na hayathibitishi lolote kuhusu hofu.

Wapo wanaodai kwamba filamu iliyotengenezwa upya huwa dhaifu daima, na sitaki nihesabiwe miongoni mwao. Gus Van Sant alipoitengeneza upya Psycho mwaka 1998 aliifuata ile ya mwaka 1960 karibu picha kwa picha, akaweka rangi na kuzipandisha fedha zilizoibwa kutoka dola 40,000 hadi 400,000, na kilichopatikana kilikuwa kama mwili usio na pumzi. John Carpenter kwa upande wake, alipotengeneza The Thing mwaka 1982, aliiruka filamu ya mwaka 1951, ambayo kiumbe wake ni jitu linaloonekana wazi, akarudi kwenye hadithi ya John W. Campbell ya mwaka 1938, ambamo kiumbe huiga umbo la mtu yeyote hata wenzako huwezi kuwaamini. Na filamu hiyo leo inatajwa zaidi kuliko iliyoitangulia. Kiswahili kinatupa maneno mawili yanayofaa hapa: Van Sant alirudia, Carpenter alirejea. Verbinski hakufanya hata moja kati ya hayo. Alihama na hadithi, akachukua karibu vyombo vyote, na kimoja akakiacha nyuma.

Kilichoachwa ni babu.

Katika Ringu, Reiko anapotambua kwamba yeye amepona kwa sababu alitengeneza nakala ya kanda na kumwonyesha Ryuji, anaelewa pia kwamba ili mwanawe Yoichi apone, mtoto naye lazima amwonyeshe mtu mwingine. Tunamwona akiwa ndani ya gari pamoja na mashine ya video, akimpigia simu baba yake mzazi, akimwambia kwamba ana jambo la kumwomba kwa ajili ya Yoichi. Mzee huyo si mgeni kwetu. Tumekwisha kumwona akikaa na mjukuu wake, na ni nyumbani kwake ndiko mtoto alikoitazama kanda ile usiku. Reiko hamwambii ni ombi gani. Gari linakwenda kwenye barabara ndefu, mawingu mazito yako mbele, na filamu inakwisha kabla hajafika. Hatujui kama mzee ataambiwa ukweli, wala kama akiambiwa atakubali au atakataa. Kinachojulikana ni kwamba binti ameshachagua, na ameshika usukani.

The Ring nayo inaishia kwenye nakala, lakini Rachel yuko ndani na mwanawe, akiuongoza mkono wa mtoto kwenye vitufe vya mashine. Aidan anauliza itakuwaje kwa huyo mtu watakayemwonyesha. Mama hajibu. Mtu huyo hana jina, hana uso, wala hana undugu na yeyote, na katika filamu nzima ya Kimarekani hakuna babu. Najua wapo wanaosema kwamba mtu huyo asiye na jina ni sisi watazamaji, ambao tumeshaitazama kanda pamoja na Rachel, na kwamba huo ni werevu. Ni werevu kweli. Lakini mtazamaji anajua vizuri kwamba hatakufa baada ya siku saba, na tishio hilo linatoweka taa zinapowashwa. Tishio la Reiko halimhusu mtazamaji, na kwa sababu hiyo halina pa kutowekea: mama amewekewa mwanawe upande mmoja na baba yake upande mwingine, na hakuna taa itakayolibadilisha hilo. Hofu ya filamu ya Nakata haiko kisimani wala kwenye televisheni. Iko katika sauti ya utaratibu ambayo Reiko anaitumia kwenye simu ile, sauti ya binti anayeomba msaada mdogo.

Mhakiki aliandika kwamba katika filamu zote mbili mama anaokoa mtoto kwa "kumpa kanda mtu mwingine". Kwa kipimo hicho ni kweli. Naomba tu, Ndugu Mhariri, kwamba sentensi hiyo isahihishwe katika toleo lijalo, na kwamba mahali pa "mtu mwingine", kwa upande wa filamu ya 1998, pawekwe "baba yake".

Wako,
Msomaji wa siku nyingi